Tupeane uzoefu: Ni usiku gani ulijua Sultan imeshuka?

Mzee wa Rimoti
Wakuu, habari za jioni. Juzi nimepita kwa dada yangu nikakuta watoto wanaangalia marudio ya Sultan, ile tamthilia ya Kituruki. Nikasema nakaa dakika tano. Zikawa saa mbili. Kufika pale anapotokea Hurrem mpya, yule mke wa Sultani kabadilishwa mwigizaji, nikasimama, nikaaga, nikaondoka. Shemeji akanisindikiza mpaka nje akiniuliza nani kaniudhi, nikakosa jibu.

Ile kitu ilikuwa tamu bwana. Mavazi, mishumaa, zile korido za kasri, watu wanaongea taratibu huku wametoa macho. Halafu mahali fulani ikapoa kama chai ya msibani. Wengine wanasema haijapoa, sisi ndio tumeizoea. Tupeane uzoefu: wewe ulishtuka lini, ulikuwa wapi, na nani? Nawasilisha.

Kiguu na Njia
Usiku aliouawa Ibrahim, waziri mkuu wa Sultani. Hakuna mjadala hapo.

Binti Kariakoo
Ibrahim na mimi. Nilichomoa mpaka waya wa king'amuzi.

Chumvi ya Mawe
Kwangu haikushuka. Kilichoshuka ni kifurushi.

Fundi Cherehani
Mimi nitaongea kwa vitambaa maana ndiyo kazi yangu.

Enzi za Hurrem wa kwanza wateja walikuwa wanakuja na simu, wameipiga picha televisheni yenyewe, unaona mpaka kivuli cha mpigaji. "Nataka hili." Gauni la kijani, kifua cha mraba, mikono mipana inaning'inia mpaka magotini, mkanda wa dhahabu. Nilimshonea bibi harusi mmoja wa Temeke, mahameli mita saba, shanga nilizitunga kwa mkono usiku tatu kwa sababu mashine inazivunja. Harusi ilikuwa Februari. Joto la Februari Dar mnalijua. Kaingia ukumbini Hurrem kabisa, mpaka shingo kaishika vile. Kufika kukata keki amekuwa samaki wa jana, dada zake wanampepea na sahani za karatasi, na mahameli imetoa rangi, kwapa zote kijani. Mpaka leo tukikutana sokoni anajifanya anachagua nyanya.

Alipoingia Hurrem wa pili, wateja walikatika. Mmoja tu alikuja, mama mtu mzima, akaniambia: "Nishonee la Hurrem, lakini yule wa mwanzo, usije ukakosea." Sasa nyie mnaosema imeshuka kwa mapambo, mnasema uongo. Ukiangalia kwa jicho la fundi, nguo za mwishoni ni kali kuliko za mwanzo: darizi nzito, manyoya kwenye kola, mataji yana kazi. Nguo zilipanda. Ila hakuna aliyetaka kufanana na mvaaji, na yule Hurrem wa pili anajua kuigiza, simvunjii heshima.

Binti Kariakoo
Nimecheka kwa sauti ofisini, "kwapa zote kijani" 😂😂

Msomi wa Kona
Wakuu, tusilaumu sura peke yake. Tamthilia hii ilianza Uturuki Januari 2011. Aliyekuwa akiiandika, Meral Okay, alifariki Aprili 2012, na kazi ikaendelezwa na Yılmaz Şahin. Kwa hiyo kalamu ilibadilika kabla ya Hurrem kubadilika. Meryem Uzerli, Hurrem wa kwanza, yeye aliondoka 2013, akarudi Ujerumani alikozaliwa, akasema amechoka kupita kiasi. Vahide Perçin aliyechukua nafasi amemzidi miaka 18.

Kingine: kule kwao kipande kimoja kinazidi saa moja na nusu na kinarushwa mara moja kwa wiki. Vyote ni 139. Vinapouzwa nje, kila kimoja kinakatwa vipande. Wewe unaona mtu ametoa macho, kipande kimeisha, kesho anaendelea kutoa macho, unasema wanavuta. Hawavuti, wamekukatia nyama mahali pasipo na kiungo.

Chumvi ya Mawe
Umeandika kama unajibu mtihani wa kidato cha nne ila umenyoosha. Kumbe yale macho yalikuwa ya wiki moja.

Sauti ya Tandale
Mimi napinga uzi mzima. Mwanzo ilikuwa tamthilia ya wanja. Nani kalala kwa Sultani, nani kavaa pete ya nani, nani kamtilia mwenzie sumu. Ikaja kuwa tamthilia pale mzee anapoanza kuzeeka na kuwaogopa wanawe aliowazaa mwenyewe. Mwangalie Halit Ergenç, anayemwigiza Sultani, vipande vya mwisho, anakaa kwenye kiti kama mtu aliyekalia msumari na hataki mgeni ajue. Nyie mmezoea stelingi hafi. Huku kila mtu anakufa kwa tarehe yake: mama yake Sultani 1534, Ibrahim 1536, mwanawe Mustafa 1553, Hurrem 1558, Sultani mwenyewe 1566 akiwa vitani huko Hungaria. Mlitaka waandike nini, wafufue?

Pwani Yetu
Ati Mustafa?? Ndugu mimi niko Kisauni, twaiangalia marudio na mke wangu kila usiku, na Mustafa yuko hai, yuala vizuri! Kwani hapa hamna adabu?

Sauti ya Tandale
Kaka, ni mwaka 1553.

Pwani Yetu
Hata ingekuwa mwaka wa Nuhu. Ungeweka onyo.

Kiguu na Njia
Miaka 470 hujapata nafasi ya kuiangalia 😂

Pwani Yetu
Nlikuwa na kazi.

Bi Shelua
Nyinyi mmechelewa kulia wanangu. Sisi huku Maskati tuliiona kwa Kiarabu, ikiitwa Harim al-Sultan, na sauti wametia Washami wa Syria. Mamangu Kituruki hajui, Kishami akisikia nusu. Mashoga zake wa Unguja wakija kunywa kahawa, yeye ndiye mkalimani. Pale asipofahamu, anatunga. Hurrem akimnong'oneza mke mwenzie maneno mawili, mamangu anawapa dakika nzima: "Anamwambia, weye Mahidevran, kwenu Michenzani hapana mtu aliyewahi kuvaa taji, lako umelitoa wapi?" Mashoga wanapiga makofi, kahawa inamwagika.

Miaka baadaye nikampeleka Dar kwa dadaangu, akaiona kwa Kiswahili safi, kila neno linasikika. Kakaa siku tatu. Ya nne akatafuta miwani yake, akainuka. "Wameiharibu," akasema. "Hurrem wa kweli alikuwa na maneno."

Mzee wa Rimoti
Bi Shelua, shikamoo. Huyo mama tunamtaka humu.

Ustadhi wa Mtaa
Ilishuka siku ya kwanza. Sultani aliyeongoza majeshi mnamfanya mtu wa kuzunguka vyumbani na wanawake. Hata Erdoğan mwenyewe, waziri mkuu wa Uturuki wakati ule, aliisema Novemba 2012, kwamba yule mtu alikaa miaka 30 juu ya farasi, si ndani ya kasri.

Chumvi ya Mawe
Ustadhi, miaka 30 ya farasi ungeangalia wewe na farasi.

Binti Kariakoo
Na ulijuaje ya vyumbani kama hukuangalia?

Ustadhi wa Mtaa
Wanaangalia nyumbani. Mimi napita.

Binti Kariakoo
Unapita taratibu.

Kitinda Mimba
Nilikuwa nasoma kimya lakini mmemtaja Mustafa. Ngoja niseme, na Pwani Yetu funga macho.

Tulikuwa Tanga, nyumba ya kupanga, uani milango sita. Bi mkubwa alimpenda Mustafa kuliko sisi wanawe, na simlaumu, hata vyombo tulikuwa hatuoshi. Usiku ule baba yupo lindo, tuko wawili sebuleni, taa tumezima. Mustafa kaitwa hemani kwa baba yake. Kafika mlangoni, anavua silaha anamkabidhi askari. Bi mkubwa keshasimama: "Usivue! Mustafa, usivue mwanangu!" Anavua. Anaingia. Wale mabubu wa Sultani wanatokea na ule uzi wa kunyongea, baba mtu yupo nyuma ya pazia anasikia kila kitu na hatoki.

Bi mkubwa alipiga yowe. Sio la kuigiza, lile la msiba wenyewe, mikono kichwani: "Mustafa weee! Wamemuua Mustafa!"

Sasa, mlango wa tatu anakaa kijana wa bodaboda. Anaitwa Mustafa.

Dakika mbili hazikuisha, ua umejaa. Mke wa Mustafa alikuwa anaoga, katoka na povu na kanga moja, kaenda kuanguka pale kwenye bomba. Mtu keshaleta benchi. Mama wa mlango wa tano kageuza daftari la hesabu la mtoto wake, kaanza ukurasa wa nyuma kuandika majina ya wachangaji. Wanapiga simu ya Mustafa, haipatikani, basi ndiyo imethibitika. Mimi napiga kelele "ni kwenye televisheni jamani!", nani anasikiliza mtoto? Wanamuuliza bi mkubwa kafia wapi, nani kamgonga, yeye kila akifungua mdomo ni "baba yake! Kamuua baba yake mzazi!" Basi kesi ikahamia kwa baba yake Mustafa, mzee wa watu yuko zake Muheza na machungwa yake hana habari. Kuna mjomba alishaanza kutafuta gari la kwenda kumkamata.

Kwenye saa nne na nusu Mustafa kaingia na bodaboda yake, mkononi ana mkate. Simu ilikuwa imeisha chaji. Nusu ya waombolezaji walikimbia. Mkewe hakukimbia, alimfuata akampiga kofi, halafu akamkumbatia, halafu akampiga tena.

Kesho yake muda wa tamthilia bi mkubwa alikaa uani anachambua mchele. Mlango uko wazi, sauti inamfikia. Nikamwita. Akasema, "Angalieni nyie. Hao waliobaki mimi siwajui."

Kiguu na Njia
Mungu wangu.

Chumvi ya Mawe
Rambirambi zilirudishwa?

Binti Kariakoo
Na mimi nataka kujua. Rambirambi?

Kitinda Mimba
Zilifika elfu kumi na nne. Mama wa mlango wa tano alisema atazirudisha.

Chumvi ya Mawe
Mwaka gani?

Kitinda Mimba
Tulishahama.

Fundi Cherehani
Huyo mama ndiye Hurrem wa kweli kwenye uzi huu.

Msomi wa Kona
Mama yako hakuwa peke yake, Kitinda Mimba. Kipande kile kiliporushwa Uturuki, mwanzoni mwa 2014, watu walikwenda kwenye kaburi la Mustafa mwenyewe kule Bursa kumwombea. Mtu aliyekufa karne ya 16 akapata waombolezaji wapya.

Sauti ya Tandale
Hapo ndipo ninaposema haijashuka! Tamthilia iliyoshuka haitoi mtu bafuni na povu.

Binti Kariakoo
Alitoka na povu kwa ajili ya mumewe, sio kwa ajili ya tamthilia. Usichanganye.

Mzee wa Rimoti
Jamani turudi kwenye mada. Mimi niendelee na marudio au niache?

Kiguu na Njia
Acha Ibrahim akifa. Baada ya hapo jipangie mwisho wako mwenyewe.

Sauti ya Tandale
Usimsikilize. Anzia hapo Ibrahim anapokufa. Ruka yote ya mwanzo.

Chumvi ya Mawe
Ondoa sauti, mwite mama yake Bi Shelua.

Binti Kariakoo
Hamia ile ya Kosem, tamthilia iliyofuata.

Msomi wa Kona
Kama Hurrem mmoja kubadilishwa kumemtoa nyumbani kwa shemeji yake, Kosem atamuua. Kule Kosem mmoja ameigizwa na watu watatu.

Ustadhi wa Mtaa
Lala mapema, uamke alfajiri.

Mzee wa Rimoti
Shemeji kanitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kesho naja au sijapoa. Kasema watoto wanagombana nani ataniambia kilichotokea. Nitakwenda. Nitakaa karibu na mlango.

Pwani Yetu
Mke wangu auliza mbona namtazama Mustafa kwa huruma. Mmenitia matatani.

Binti Kariakoo
Fundi, uko inbox? Mdogo wangu anaolewa, anataka la kijani. La Hurrem wa mwanzo.

Fundi Cherehani
Niko. Mahameli aje nayo mwenyewe, na tuiloweke kwanza tuone kama inatoa rangi. Na harusi iwe Julai.