Jedwali la WRC2 linasomwaje kabla msimu haujaisha?

Kigamboni_Vumbi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Msimu wa 2024 Oliver Solberg alikuwa kileleni mwa WRC2 (daraja lililo chini ya WRC, ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rally) kabla ya raundi ya mwisho ya Japan, lakini raundi zake za pointi zilikuwa zimekwisha. Sami Pajari akaenda Japan na Toyota GR Yaris Rally2 akampokonya ubingwa. Mwaka 2022 Andreas Mikkelsen alipokonywa vilevile na Emil Lindholm, Japan hukohuko. Kanuni ya misimu hiyo naijua: dereva anachagua raundi 7, zinahesabiwa 6 bora. Ninachotaka kujua ni namna ya kutambua katikati ya msimu nani yuko mbele kweli. Na kwa nini Safari Rally ya Naivasha, Kenya, inapata magari ya Rally2 (yale ya WRC2) machache wakati pointi ni zilezile?

Steji_Tabata
Mkuu, jumla ya pointi peke yake haikwambii kitu. Kwa kila dereva andika vitu viwili: raundi alizotumia na matokeo yake mabaya kuliko yote.

Chukua mfano wa kubuni kwa kanuni ya misimu hiyo. Dereva A katumia raundi 6: 25, 25, 18, 15, 12, 6. Jumla 101. Akishinda ya saba anapata 25 lakini ile 6 inafutwa, kwa hiyo kaongeza 19 tu na anaishia 120. Akiwa wa tano (pointi 10) anaongeza 4. Akiwa wa nane (pointi 4) haongezi hata moja.

Dereva B katumia raundi 5: 25, 25, 25, 12 na sifuri baada ya kugonga. Jumla 87. Jedwali linamweka nyuma kwa pointi 14, ila akishinda mbili zilizobaki anafika 137, maana sifuri ndiyo inayofutwa. Huyo B ndiye wa kumwangalia. Sifuri ya kwanza inasameheka. Ya pili inabaki mgongoni mwake hadi mwisho.

Jambo jingine linalowachanganya wengi: dereva anaweza kushiriki na gari la Rally2 bila kuitangaza raundi hiyo kuwa ya pointi za WRC2. Utamwona mbele kwenye matokeo ya jumla, lakini waliotangaza wanapangwa upya bila yeye. Kabla ya kupiga hesabu, pitia orodha ya washiriki uone nani kasajiliwa kwa pointi.

Ea_Klina
Kuhusu Naivasha. Kwanza gharama: gari, spea na vifaa vinasafirishwa mbali, na dereva anachagua raundi chache tu, kwa hiyo wengi wanabaki Ulaya. Binafsi naona wanakosea. Washindani wakiwa wachache, kumaliza tu kuna thamani kubwa. Kajetan Kajetanowicz alishinda WRC2 pale 2022 na 2023, Gus Greensmith 2024 na 2025.

Kinachoumiza ni lile vumbi laini kama unga, hasa kwenye steji (kipande cha njia kinachopimwa muda) ya Kedong. Linaficha mawe, jawe linapasua ubavu wa tairi na hewa yote inatoka papo hapo. Kubadilisha tairi ndani ya steji kunakula kama dakika mbili. Ukiamua kuendelea na pancha, vipande vya mpira vinachapa bodi na vinaweza kukata paipu ya breki. Tairi za akiba mwisho mbili, kwa hiyo pancha ya tatu kabla ya kufika sevisi (kituo cha matengenezo) ndiyo inayomtoa mtu.

Vumbi hilohilo linaziba chujio la hewa. Rally2 ni injini ya 1600cc yenye tabo, na njia yake ya hewa tayari imebanwa isizidi milimita 32. Chujio likijaa, nguvu inashuka ghafla, ndiyo maana magari yanafungwa bomba refu la kuvutia hewa kutoka juu.

Aliyeishia njiani anaweza kurudi kesho yake kwa adhabu ya dakika 10 kwa kila steji aliyokosa. Ulaya hapo umekwisha. Naivasha, wenzako wakiharibikiwa, bado unaokota pointi.

Steji_Tabata
Naungana na Ea_Klina. Nyongeza kwa wanaofuatilia wakiwa Dar: Japan wako mbele yetu saa sita, steji ya saa moja asubuhi kwao ni saa saba usiku kwetu.

Kigamboni_Vumbi
Nimeelewa, wakuu. Swali moja: raundi ambayo dereva katangaza halafu gari likafa kabla ya steji ya kwanza, inahesabika?

Steji_Tabata
Akishaanza raundi hiyo rasmi, imetumika. Mwandikie sifuri.