Mjadala: Ombi la mkopo lililokataliwa likufuate mpaka lini?

Mwalimu wa Njombe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu.

Mwaka 2022 niliomba mkopo benki inakopitia mishahara yangu. Mshahara wa msingi ulikuwa 900,000. Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu walikuwa wananikata asilimia 15, yaani 135,000 kila mwezi, na SACCOS nao wana chao. Mkononi nilibaki na 340,000. Rejesho la mkopo niliotaka lilikuwa 150,000. Watumishi wote tunaijua kanuni ya theluthi: makato yote yakishapita, usibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, ambayo kwangu ni 300,000. Nikakataliwa. Sikunung'unika, maana hesabu ilikuwa wazi.

Sasa deni la Bodi nimelimaliza. Ile 135,000 imerudi mkononi, na hata nisipohesabu nyongeza yoyote ya mshahara, rejesho lilelile linaniacha na 325,000. Nikarudi benki ileile. Dada wa mikopo akaingiza jina langu, akatazama kioo cha kompyuta, akaniambia: "Mwalimu, mfumo unaonyesha uliwahi kukataliwa, hili itabidi liende makao makuu." Likaenda wiki tano. Jibu likarudi kwamba halikufanikiwa. Sababu haikuandikwa.

Sijawahi kuchelewesha rejesho hata siku moja. Kukataliwa si deni, iweje kuhesabiwe kama doa? Msimamo wangu ni huu: sababu iliyozuia ombi ikishaondoka, ombi hilo lisitumike tena dhidi ya mteja, na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Karibuni.

Afisa Mikopo wa Zamani

Pole sana mwalimu. Nimekaa dawati la mikopo miaka 11, niseme ninayoyajua.

Watu huchanganya mambo mawili. Kuna kanzidata ya taarifa za wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu, inayofikiwa kupitia kampuni zenye leseni kama Creditinfo na Dun & Bradstreet. Huko zinakwenda taarifa za mikopo yako, unavyolipa na unavyodaiwa. Halafu kuna faili la ndani la mkopeshaji mwenyewe, ambamo kila fomu uliyowahi kujaza ipo, iwe ulipewa au hukupewa. Ripoti ya kwanza mteja anaweza kuiomba. Faili la pili mteja haonyeshwi, na ndilo linaloamua unaporudi mlango uleule.

Lakini msiliondoe. Nimepokea mtu aliyeandika kipato cha 600,000 mwezi wa tatu, na mwezi wa nne akaandika 1,400,000, biashara ileile, kibanda kilekile. Mwingine ndani ya wiki tatu alileta maombi matatu, la kwanza la kununua ng'ombe, la pili la ada, la tatu la matibabu. Bila kumbukumbu ya maombi ya nyuma ningewapa wote wawili, na fedha zile ni amana za watu.

Mama Nafaka, Kahama

Mimi si mtumishi, nauza mchele na maharage. Kwetu mambo yako kwenye simu. Usiku mmoja mtandao unasumbua, nikabonyeza kuomba, kimya. Nikabonyeza tena. Mara sita. Asubuhi nikajua yamehesabiwa maombi sita. Kiwango changu kikashuka, na kila nikiomba naambiwa sistahili. Nani nimweleze kwamba ilikuwa shida ya mtandao? Namba ya huduma kwa wateja inasema mfumo ndio unaoamua.

Mwalimu, jamani, anayekataliwa bila sababu haachi kuhitaji hela. Anakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba za kuumiza. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni. Mnadhani wateja wao walitoka wapi? Wengi ni sisi tuliofungiwa mlango halali.

Kijana wa Kariakoo

Hamisha mshahara benki nyingine, yaishe.

Mwalimu wa Njombe

Mdogo wangu, kuhamisha mshahara kunapita kwa mwajiri, na huko niendako watauliza kwanza kwa nini benki yangu mwenyewe haikunipa. Nitakuwa nimehama na swali lilelile.

Mzee wa Kikoba

Kwenye kikoba chetu mtu akinyimwa, ananyimwa mbele ya wanachama. Anaambiwa: hisa zako hazijafika, au bado unadaiwa. Tukishagawana na kuanza mzunguko mpya, lile la mwaka jana halitajwi kama alishalirekebisha. Tunao watu walionyimwa mara mbili na leo ndio walipaji wetu bora.

Msoma Sheria

Mwalimu, usiliache hapo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuona taarifa zako zilizoko kwa anayezishika na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mfumo peke yake bila mtu kuyapitia. Mama Nafaka, hilo linakuhusu wewe hasa. Andikeni barua. Zisipojibiwa, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Afisa Mikopo wa Zamani

Nimesoma yote, nirudi kwenye jambo moja. Ombi likikataliwa, afisa anatakiwa kuweka alama ya sababu kwenye mfumo: theluthi haitoshi, nyaraka pungufu, taarifa zinazopingana, na kadhalika. Mwisho wa orodha kuna "Nyinginezo". Jioni nikiwa na foleni ya mafaili 30, niliweka "Nyinginezo" mara nyingi sana, na sikufikiri itamfanya nini mtu miaka mitatu mbele. Aliyekosa theluthi na aliyeghushi hati ya mshahara wakawekwa kapu moja. Huko makao makuu hawakujui, wanaona alama tu.

Aliyeghushi abaki kwenye kumbukumbu, hapo sitabadilika. Ila mwalimu, kwa theluthi peke yake, nakubaliana na wewe.

Mwalimu wa Njombe

Asante kaka kwa ukweli wako. Jumatatu napeleka barua, nimeambatanisha hati za mshahara za miezi mitatu na uthibitisho wa Bodi kwamba sidaiwi. Niombe nini hasa?

Afisa Mikopo wa Zamani

Usiombe mkopo kwenye barua hiyo. Omba alama iliyowekwa kwenye ombi lako la 2022 na jina la kitengo kilichoiweka, na uombe isahihishwe isomeke "theluthi". Wakupigie mhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Mkopo uombe wakishajibu.