Watu wanafungua ukurasa wa mawakala wa AI, wanatazama, wanaondoka. Nirekebishe nini?

Mlima_Njombe
Wakuu, salaam. Natengeneza tovuti ndogo ya chama cha wakulima huku Njombe. Ina mawakala wanne wa akili mnemba (AI), yaani programu zinazojibu maswali ya watu: wa magonjwa ya mimea, wa mbolea, wa bei za soko na wa mambo ya uanachama. Ukurasa wa kwanza una kadi nne, kila moja na picha ya roboti, jina na kitufe cha "Anza mazungumzo". Juzi nilikaa na mzee mmoja wa viazi, akasoma kadi zote, kisha akaniuliza: "Sasa mimi niende kwa nani? Majani yanakauka, sijui ni ugonjwa au mbolea." Niongeze maelezo kwenye kadi, au nirekodi video ya mafunzo? Wengi wana simu za bei rahisi, kivinjari cha Opera Mini, na bando la kubana.

Bi_Kisauni
Mdogo wangu, mzee kashakujibu. Angejua ni ugonjwa au mbolea, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha. Weka juu kabisa kisanduku kimoja: "Shambani kuna tatizo gani?" Seva isome swali, ilipeleke kwa anayehusika, na juu ya jibu pawe na mstari mmoja: "Anajibu: wakala wa magonjwa. Badilisha." Hilo neno Badilisha usilifiche. Seva itakosea mara nyingine, na mtu asilazimike kuandika swali upya.

Kadi zishuke chini. Hao maroboti watoe, wanafanana wote na wanakula bando la watu bure. Mahali pao weka maswali mawili matatu ya kubofya. Kama mawakala wako wanafuata itifaki ya A2A (kanuni za mawakala kuwasiliana), ile iliyotangazwa na Google Aprili 2025, kila mmoja kwa kawaida ana faili la JSON la kujieleza kwenye `/.well-known/agent-card.json`, na kila ujuzi humo unaweza kuwa na `examples`, yaani mifano ya maswali. Vuta maswali hapo, ila uyasome kwanza. Mafundi tunapenda kuandika mifano ya kumfurahisha bosi.

Kadi iseme pia asichoweza: "Sisomi picha." "Bei ni za jana."

kijana_wa_seva
Dada, napinga kidogo. Kisanduku kitupu kinatisha. ChatGPT ilipofunguliwa Novemba 2022, juu ya kisanduku palikuwa na mifano ya maswali, na mapungufu yake yaliandikwa hapohapo. Halafu jibu litiririke neno kwa neno, mtu asidhani simu imeganda. `EventSource`, njia ya kivinjari ya kupokea mtiririko, hutuma maombi ya GET tu (ya kuvuta ukurasa, hayabebi fomu ya POST), kwa hiyo tumia `fetch` na usome jibu vipande vipande. Kama mbele ya programu yako kuna seva ya Nginx, zima `proxy_buffering` (kulimbikiza jibu kabla ya kulituma), la sivyo jibu linaweza kurundikana na kuja kwa mkupuo.

Bi_Kisauni
Mifano tumekubaliana, mdogo wangu, iwe karibu na kisanduku. Utiririshaji ndio sitaki uanze nao. Opera Mini inapobana data kwa nguvu, ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera, simu inapokea matokeo tu. Hiyo mbinu yako ya vipande haina pa kukaa.

Anza na fomu ya HTML ya kawaida: POST, ukurasa unarudi na swali na jibu. Ukishamaliza, wenye Chrome uwaongezee huo mtiririko. Kipimo changu ni kuzima JavaScript na kuuliza swali. Nikijibiwa, naendelea na mengine. Herufi za kisanduku zisipungue 16px, maana chini ya hapo iPhone hukuza ukurasa mtu akigusa aandike.

Mlima_Njombe
Asante dada. Akibofya Badilisha, mazungumzo yote yahame?

Bi_Kisauni
Hapana. Lihame swali lake la mwisho tu, na alione kabla halijatumwa. Mtu anaweza kuwa ameshataja deni lake kwa wakala mmoja, wa mbolea hana haja nalo. Na huyo wa uanachama, anaona akiba za watu?

Mlima_Njombe
Anaona, pamoja na mikopo.

Bi_Kisauni
Basi mtoe kwenye kisanduku cha pamoja. Mweke ukurasa wake, nyuma ya namba ya siri, na zile simu zinazoshikwa na nyumba nzima umalize kikao mapema, mtu aingie upya.

Mlima_Njombe
Namhamisha leo. Hao watatu nitawajaribu kwa fomu ya kawaida, bila JavaScript, kisha nirudi na picha za skrini.