Naomba ushauri: kuhesabu tai wahamao juu ya Menengai

Hamjambo wenzangu. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, baridi ikianza kule Urusi na Asia ya kati, tai na vipanga hushuka kusini, na wengi hufuata Bonde la Ufa. Mimi na vijana wa mtaani hapa Nakuru tunataka kuwahesabu kutoka ukingo wa Menengai, lile shimo la volkeno. Darubini tunazo, ingawa moja ina ukungu.

Taabu ni hii: kuanzia kama saa nne, ardhi ikishapata joto, ndege hupanda wakizunguka zunguka. Ukihesabu hapo, yule yule unamhesabu mara tatu. Je, ningoje wafike juu, waanze kuteleza kwa mstari kuelekea kusini? Na kundi likiwa kubwa, mnahesabu kumi kumi?

Halafu kuna ndege wenyeji, wasiohama. Yule kipanga wa mkia mwekundu anayekaa mwambani mwaka mzima namtambua, sitaki hata kumwona daftarini. Lakini mwewe mhamaji anafanana mno na huyu wetu wa mdomo wa njano, na akiwa juu mdomo hauonekani. Mnawatenganishaje?

Tena mvua ya vuli ikifunga anga, mnaandika sufuri au mnaiacha siku hiyo wazi?