Mimba ya wiki saba, TSH imepanda, nyumbani wananiambia niache dawa ya tiroidi. Nisaidieni

MamaTarajio_Bkv
Jambo wapendwa. Niko Bukavu, upande wa Kadutu, na hii ni mimba yangu ya pili. Ya kwanza ilitoka. Baada ya hapo ndipo walipogundua kwamba tezi yangu ya shingo, hii tiroidi, inafanya kazi kidogo mno. Tangu wakati ule nameza levothiroksini ya mikrogramu 75 kila asubuhi, na nguvu zilikuwa zimerudi. Sasa nina wiki saba na uchovu umeanza upya: baridi inaniingia hata jua likiwaka, choo kigumu, nywele zinabaki kwenye kitana.

Juzi labo imenipa TSH, kile kipimo cha damu kinachopanda tezi ikilegea, 6,8. Dokta nitamwona wiki ijayo. Mama mkwe, ambaye ananipenda na sina neno baya juu yake, anasema dawa za hospitali zinaharibu mtoto miezi ya kwanza, niziache mpaka mimba ikomae. Jirani anasema shida yangu ni mihogo na chumvi. CPN, kliniki ya wajawazito, wamenipa vidonge vya kuongeza damu, navimeza pamoja na hiki cha tiroidi kwa chai ya maziwa, vyote saa moja asubuhi.

Naogopa kumeza, naogopa kuacha. Mwenye ujuzi anieleze, tafadhali.

Yaya_wa_Nguba
Pole sana mdogo wangu. Usiache hiyo dawa hata siku moja. Nimezaa watoto wawili nikiwa na tiroidi kama yako, na mimba zote mbili nilimeza mpaka siku ya kujifungua. Wote wako shuleni. Na usingoje hiyo wiki ijayo, mpigie dokta simu leo umsomee TSH yako.

Papa_Kazi_Muhumba
Mimi nasikia matone ya iodini ndiyo yanamaliza shida hiyo. Mtafutie farmasi, anywe kidogo kidogo.

Mkunga_Maternite
Papa, hapana, kwa heshima yako. Mama mjamzito asinywe matone ya iodini kwa kujipimia. Iodini ikizidi sana inaweza kuzuia tezi ya mtoto tumboni isifanye kazi, akazaliwa na rovu.

Dada MamaTarajio, mimi ni mkunga, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo. Kwanza, mwambie mama mkwe kwa upole kwamba levothiroksini si kitu kigeni mwilini. Ni homoni ileile ambayo tezi yako ingeitengeneza kama ingekuwa na nguvu. Mtoto wa wiki saba bado hana tezi ya kumtosha. Karibu miezi mitatu ya kwanza yote anategemea homoni ya mama, na ubongo wake unajengwa wakati huohuo. Tezi yake inaanza kazi karibu wiki ya 12, lakini hata baada ya hapo anaendelea kukutegemea kwa muda. Ukiacha sasa, unamnyima katika wiki anazoihitaji zaidi. Homoni ikibaki chini, hatari ya mimba kutoka inaongezeka, na pia presha ya mimba, kuzaa kabla ya wakati na mtoto mwenye uzito mdogo. Mama aliyepoteza mimba moja sitaki kumtisha, nataka tu ajue kwamba kidonge hiki ni kinga yake.

Pili, kwa nini TSH imepanda na wewe hukuruka dawa? Mimba yenyewe inaongeza mahitaji. Damu inabeba homoni nyingi zaidi ikiwa imefungwa kwenye protini, isiyotumika, kondo la nyuma linavunja sehemu yake, na mtoto anachukua yake. Wanawake wengi wanaotumia dawa hii huhitaji kuongezewa robo hadi nusu ya kipimo, na mahitaji hayo yanaanza mapema, hata wiki ya tano. Ndiyo maana madaktari wengi huongeza mara tu mimba inapothibitishwa: badala ya vidonge 7 kwa wiki, mama anameza 9, yaani siku mbili za wiki anameza viwili. Lakini kwako kuna matokeo ya labo tayari, kwa hiyo dokta akuambie mwenyewe kiasi. Lengo la kawaida ni TSH chini ya 2,5. Hiyo 6,8 yako inadai kuongezwa dawa, na inadai haraka.

Tatu, na hapa ndipo nimesimama sana nilipokusoma: vidonge vya kuongeza damu usivimeze pamoja na cha tiroidi. Madini ya chuma yanaikamata levothiroksini tumboni na nyingi inapita bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu nayo inafanya hivyo, na dawa za kiungulia za kutafuna, na uji wa soya. Achanisha kwa saa nne. Cha tiroidi meza alfajiri kwa maji matupu, ngoja nusu saa hadi saa nzima ndipo unywe chai. Vya kuongeza damu meza mchana baada ya chakula. Usiviache, unavihitaji pia.

Mwana_wa_Idjwi
Nimezaliwa kisiwani Idjwi, kwa hiyo hili la mihogo na chumvi naomba nilijibu. Bibi zetu wengi walikuwa na rovu kubwa shingoni. Watafiti wa Lwiro, kituo cha utafiti karibu na Bukavu, walikuja kutuchunguza miaka ya 1960 na 1970, na walichokuta ni kwamba udongo wetu una iodini kidogo na mhogo usiolowekwa vizuri unaongeza tatizo. Sumu ya mhogo ikiingia mwilini inageuka kitu kinachozuia tezi isipokee iodini. Jirani yako hakutunga.

Lakini ugonjwa ukishafika mahali pa kumeza levothiroksini, chumvi haichukui nafasi ya kidonge. Fufu endelea kula, ila mihogo ilowekwe siku kadhaa mpaka ilainike, ianikwe ikauke kabisa. Sombe, yaani majani ya mhogo, itwangwe na ichemke sana. Chumvi nunua ile yenye iodini, itunze ndani ya kopo lenye kifuniko mbali na moto, na uitie chunguni mwishoni. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku, na mtoto ana haki ya sehemu yake hata kama wewe unameza dawa.

MamaTarajio_Bkv
Aksanti sana, nimesoma kila mstari na nimemsomea mama mkwe. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama kidonge cha leo nimemeza.

Dokta nimempata kwa simu. Ameniongezea, na anataka TSH tena baada ya wiki nne. Nina maswali mawili. Asubuhi natapika, mara nyingine kabla hata maji hayajatulia, je kidonge kitafaa nini? Na hiki kipimo kikubwa nitabaki nacho maisha yote?

Yaya_wa_Nguba
Kutapika kulinisumbua hivyohivyo. Dokta wangu alinihamishia usiku. Nakula mapema, halafu saa tatu au zaidi baada ya chakula nameza na kulala. Muulize wako. Jambo kubwa ni saa ileile kila siku na tumbo tupu. Na kila ukinunua, angalia kiwanda ni kilekile. Wakikubadilishia, mwambie dokta, atataka kupima tena.

Mkunga_Maternite
Yaya amejibu vizuri. Hiyo TSH ya kila wiki nne endelea nayo hadi katikati ya mimba, kisha mara moja tena karibu wiki ya 30. Najua kipimo kina bei na si kila mwezi pesa ipo. Kama lazima uchague, usiruke vile vya miezi ya kwanza.

Ukishajifungua, kwa kawaida dokta anakurudisha kwenye kipimo cha kabla ya mimba, kwako 75, na TSH inapimwa wiki ya sita baada ya kuzaa. Kunyonyesha hakuna shida, endelea kumeza na kunyonyesha. Na karatasi zote za labo zikae ndani ya kadi yako ya CPN, ili yeyote atakayekupokea siku ya uchungu, hata usiku, ajue una tiroidi bila kukuuliza.