Tupeane uzoefu: picha iliyokuponyoka porini (Ruaha, Kitulo na kwingine huku kwetu nyanda za juu)

MtotoWaKihesa:
Kamwene wakuu. Jana napanga kabati nikakutana na ile memori kadi ya jigi 8, roho ikaniuma upya. Mwaka juzi mwezi wa 10 niko Ruaha, jua hata halijachomoza vizuri, tunakata kona karibu na mto, mbwa mwitu hao! Sio wawili watatu, kundi zima limejilaza njiani kama mbwa wa mtaani. Mwongoza wageni akanong'ona, "Hawa, wazungu wanawatafuta wiki nzima na hawawaoni." Nainua kamera: kadi imejaa. Imejaa send-off ya binamu, picha 1,100 za watu wanakula pilau. Nikaanza kufuta moja moja, mkono unatetemeka, nafuta mashangazi. Kupata nafasi ya picha tatu, wameshainuka. Nikaambulia mikia. Ncha yake nyeupe, hilo nalijua vizuri mno.
Wewe ipi ilikuponyoka?

Uyole_Kwetu:
"Nafuta mashangazi" hahaha. Nimecheka mpaka abiria mwenzangu kahama siti.

StudioYaUchochoroni:
Kosa la kwanza: kadi moja. Kosa la pili: kadi ya kazi unaenda nayo matembezini. Mimi yangu ilikuwa vumbi. Nimebadilisha lenzi dirisha likiwa wazi, barabara ya Idodi, gari la mbele linatimua. Siku nzima kila picha ina vidoa vyeusi angani, twiga ana vidoa, anga lina vidoa. Fundi mmoja mjini akanisafishia kwa kitambaa, ndio akamaliza kabisa. Usibadilishe lenzi porini, basi.

Mama_Parachichi:
Badilisha, ila ndani ya foronya. Ingiza kamera na lenzi vyote humo, fanya kwa kupapasa. Nimefanya hivyo miaka yote.

StudioYaUchochoroni:
Dada, foronya ina nyuzi.

Mama_Parachichi:
Ya kwako labda. Ya kwangu inafuliwa.

Mkinga_wa_Matamba:
Kaka zangu mmeshika Ruaha tu, kana kwamba huku kwetu hakuna cha kupiga. Njooni Kitulo kati ya mwezi wa 12 na wa 4, mvua ikiwa imekolea. Hakuna simba wala tembo wa kukufungia kwenye gari, unatembea kwa miguu yako mwenyewe. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na iliwekwa kwa ajili ya maua.

Iliyoniponyoka mimi ni orkidi moja ya njano, ndogo kama ukucha. Nililala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa kama nusu saa nikisubiri upepo utulie. Kule juu upepo hautulii. Ukitulia unakuja ukungu. Mara ukungu ukapanda kutoka bondeni, kioo cha lenzi kikageuka maziwa, nafuta kwa kanga, nayo imelowa. Nikasema nitarudi kesho. Kesho yake nikakuta kishimo. Wachimbaji wa chikanda, yaani viazi vya orkidi, walishapita, vinavushwa kwenda Zambia kuliwa. Nilipiga picha ya kishimo. Ninayo mpaka leo.

Uyole_Kwetu:
Dada umenigusa. Ila hizo kona 57 kutoka Chimala kupanda Matamba, mimi nilifika juu kamera iko sawa, tumbo ndilo halipo.

Jiwe_la_Gangilonga:
Maua ni maua, mada ni porini. Mbeya mkitaka wanyama njooni Iringa.

Uyole_Kwetu:
Sehemu kubwa ya maji ya huo mto wenu wa Ruaha inatoka huku kwetu. Tukifunga bomba mtapiga picha za mawe.

Mwalimu_Mafinga:
Ngojeni niseme hili, maana nimelibeba miaka sita.

Tulikuwa wanne kwenye Hilux ya shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Tulilala Tungamalenga, asubuhi tukaingia, tukazunguka upande wa Msembe mpaka jua linaanza kuwa jekundu. Mwezi wa 9, mto umebaki mchanga. Mnaojua mnajua: tembo anachimba kwa mguu na mkonga mpaka maji yanachuruzika, akishakunywa na wengine wanadandia kisima chake. Nikaona mmoja anachimba, nyuma yake mbuyu, nyuma ya mbuyu jua. Nikasema leo ndiyo leo. Ila gari linatetemeka, picha zinatoka na ukungu. Nikamwambia shemeji azime injini. Akaniangalia. "Shemeji, hii nikizima..." Dakika mbili tu, shemeji. Akazima.

Sikujua kwamba tangu Iringa gari hilo lilikuwa linawaka kwa kusukumwa. Aliona aibu kusema mbele ya rafiki zangu.

Nimepiga mbili tatu, nyuma yetu nasikia matawi yanavunjika. Kundi la majike na watoto linashuka kunywa, na sisi tumekaa katikati ya njia yao. Shemeji anageuza ufunguo: tik. Tena: tik. Mwanga umepungua, kamera nimeiacha kwenye otomatiki, na mimi kwa ujinga wangu nikasema angalau huyu mama aliye karibu nimchukue. Kamera ikaamua yenyewe kwamba mwanga hautoshi. Flashi ikafyatuka.

Jamani. Aligeuka mwili mzima kama lori la mafuta linavyokata kona pale Makambako. Masikio yakafunguka. Akalia, na sio ule mlio wa kwenye TV, huu unausikia kwenye kiti ulichokalia. Akaja. Hatua kama sita kutoka mlangoni kwangu akasimama, vumbi lake likatangulia ndani, na harufu yake, zizi na tope na majani yaliyosagwa. Akatikisa kichwa. Akapiga teke mchanga. Rafiki yangu kiti cha nyuma alikuwa anasali kwa Kihehe, na sio Mhehe.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Akaondoka upande upande, jicho moja kwetu. Askari wa hifadhi wakatukuta giza linaingia, wakatuvuta kwa kamba na kutusema, na walikuwa na haki. Nyumbani nikafungua kadi. Za mbuyu zote zimetikisika. Picha pekee iliyotoka kali ilijipiga nilipoangusha kamera: goti la shemeji na nusu ya kiazi kitamu.

Jiwe_la_Gangilonga:
Mwalimu, hii chai haina hata sukari.

MtotoWaKihesa:
Chai wapi, mimi nimesoma nimebana pumzi!

Jiwe_la_Gangilonga:
Tembo akikasirika hasimami hatua sita.

Dereva_Mstaafu:
Wanangu, anasimama, tena mara nyingi. Akifungua masikio na kutikisa kichwa anakutisha, anataka ukubali kwamba yeye mkubwa. Ukimwona amebana masikio, amekunja mkonga kifuani na haongei, hapo hakuna picha tena.
Na huo mto mnaozoea kuuona mchanga, mimi nimeanza kupeleka wageni mwaka 1988, ulikuwa unapita mwaka mzima. 1993 ndio ulikatika, na tangu hapo kila kiangazi. Picha za viboko wamejaa maji mwezi wa 10 ninazo kwenye albamu, vijana wakiziona wanauliza ni nchi gani.

Uyole_Kwetu:
Sasa mzee usije ukawasingizia wakulima wa mpunga Mbarali kwamba ndio wanamaliza maji.

Dereva_Mstaafu:
Sijamtaja mtu. Umejitaja.

StudioYaUchochoroni:
Turudi kwenye picha. Mwalimu, mtetemo dawa yake ni mto wa mchele. Kilo mbili kwenye mfuko wa kitambaa, weka dirishani, laza lenzi juu. Hata gari likitetemeka unapunguza, na shata, yaani kasi ya kupiga, ipandishe mpaka 1/1000 ya sekunde. Mkikwama mnapika.

Uyole_Kwetu:
Mchele wa Mbarali huo.

StudioYaUchochoroni:
Wa Kyela. Unanukia, mpaka twiga anageuka.

Nondo_wa_Mwanjelwa:
Mimi fupi: shati la bluu, mbung'o mia. Wanapenda bluu na nyeusi. Picha zangu zote zina mkono wangu unajipiga kofi.

Kijana_wa_Ilula:
Naombeni ushauri, nina droni ndogo, nataka nirushe juu ya mto.

Dereva_Mstaafu:
Bila kibali usirushe hifadhini. Utanyang'anywa.

Nondo_wa_Mwanjelwa:
Rusha harusini, huko hakuna tembo, kuna mashangazi tu.

Mama_Parachichi:
Mimi bado niko kwenye gari na mwalimu. Tuwekee hiyo picha ya goti basi.

Mwalimu_Mafinga:
Shemeji yumo humu anasoma, amenipigia sasa hivi. Anasema goti ruksa, ila niandike kwamba stata ilishabadilishwa. Na kwamba kile kiazi kilikuwa changu.