Mwanangu ana saratani ya figo na sasa haniamini. Nimwambie ukweli kuhusu sindano?

MamaS_Kahama:
Habarini wadau. Naandika nikiwa hosteli ya wagonjwa hapa Dar, mtoto kalala. Ana miaka minne. Siku moja namwogesha, mkono ukagusa kitu kigumu ubavuni. Zahanati wakasema minyoo, tukapewa dawa tukarudi nyumbani. Tumbo likazidi kuvimba. Kuja kupigwa utrasaundi, rufaa, ndipo nikasikia jina Wilms, hiyo saratani ya figo ya watoto. Daktari kasema dripu za dawa wiki nne uvimbe usinyae, kisha upasuaji watoe na figo, halafu dawa tena.

Hayo nimeyapokea. Kinachonimaliza ni hiki: wiki ya kwanza nilimwambia tunakwenda kununua soda. Ya pili nikamwambia haiumi, kama mbu tu. Jumanne iliyopita nilipomvalisha viatu tu, akaingia uvunguni. Tulimshika watu wanne. Usiku akaniuliza, "Mama, na wewe ulinishika?"

Bibi yake anasema nimdanganye tu, mtoto haelewi. Jumanne inakuja. Nifanyeje?

MamaPacha:
Pole mno dada. Wangu alikuwa na saratani ya damu, tulitibiwa zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo najua huko uvunguni. Mwambie asubuhi ileile, usimwambie siku tatu kabla akakosa usingizi bure. Maneno machache: itauma, nitakupakata, ikiisha tunatoka. Na siku isiyo ya sindano mpeleke dukani kweli, anywe soda arudi. Sasa hivi kwake duka ni hospitali.

Mkulima_Mstaafu:
Binti yangu, kuna mzee huku anakanda uvimbe na mizizi, wengi wamepona. Usikimbilie kisu.

NesiWaWatoto:
Mzee shikamoo, ila hapo hapana. Tumbo la mtoto huyu lisikandwe wala kubonyezwa na mtu yeyote. Uvimbe ukipasuka, ugonjwa unatapakaa tumboni.

Mama S, sababu ya kumshika ni kwamba vinkristini, dawa ya saratani anayochomwa mshipani, ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Lakini wewe usiwe kati ya wanaobana miguu. Omba kukaa naye mapajani, kifua chake kikuelekee, nesi aushike mkono tu. Mwache achague mkono upi, kama mishipa inaruhusu. Usimwulize kama anataka sindano, maana akikataa utafanyaje? Na joto likifika 38, hata saa nane usiku, nenda hospitali. Usimpe panadol ukangoja kuche.

BabaJ:
Nyongeza. Wangu aligoma kutembea nikamfokea, nikidhani jeuri. Kumbe ni dawa hiyohiyo, inalegeza miguu na kufunga choo. Nilijisikia vibaya sana. Mwambie daktari mapema. Halafu shemeji, mzee wa nyumba yuko wapi? Hiyo kazi si ya mtu mmoja.

MamaS_Kahama:
Yuko Kahama na dada yake mtu, mmoja lazima atafute hela. Anapiga simu kila jioni. Panadol nilikuwa nampa, asante nesi.

MamaS_Kahama (Jumanne jioni):
Nimerudi. Nilimwambia tukinywa uji. Alilia, uji wote ukamwagika, nikamwacha alie. Kule nilimpakata kama nesi alivyosema. Akatoa mkono wa kushoto, eti wa kulia ni wa kulia chakula. Alipiga kelele, ila mkono haukutikisika. Yule nesi wa kule aliniangalia kama aliyeona miujiza.

Tulipomaliza akauliza, "Na kesho?" Nikamwambia kesho hapana, ni Jumanne nyingine. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaninyooshea mguu nimvalishe kiatu.